Suruali Kuukuu za Clifford Ibbotson

Ndugu, majirani, na ninyi wengine mliokuja kwa sababu ya chai,

Kijitabu mlichoshika mkononi kina nusu tu ya wasifu huu. Mchungaji aliusoma wote jikoni kwangu, akavua miwani, akasema, "Beryl, pale ni kaburini, si mahakamani." Nikamwambia achape anachotaka. Akachapa kuzaliwa, shule, kazi na ndoa. Mimi nitasoma na kilichobaki, maana marehemu ni kaka yangu na sauti ni yangu. Wenye magoti mabovu wakae kwenye ukuta, hatutamaliza upesi.

Marehemu Clifford Ibbotson alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, Mtaa wa Cinder, hapa hapa Skelbrough, kifungua mimba wa mzee Amos Ibbotson, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Nellie. Ulikuwa wakati wa vita. Taa za mtaa zilikuwa zimezimwa kwa kuogopa ndege za Wajerumani, na mkunga alikuja akipapasa kuta. Mimi nilizaliwa miaka mitano baadaye, tukawa wawili tu. Uani kulikuwa na choo, rundo la makaa, na banda la fereti wa baba. Mchungaji wetu, ambaye ni mtu wa mjini na hana kosa, aliniuliza kama fereti ni panya wa aina fulani. Si panya. Ni ndugu wa kicheche, mrefu, mwembamba, mwenye meno ya sindano, na wachimbaji wa huku walimfuga ili aingie mashimoni kuwatoa sungura wa kitoweo. Clifford alijua kumshika fereti kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Alianza shule ya kanisa mwaka 1946, akamaliza sekondari Julai 1956. Hesabu zilimshinda, na hakuficha. Kwenye kazi ya mbao ndiko alikokuwa wa kwanza. Mwaka wa mwisho mwalimu aliwaambia wanafunzi wote watengeneze kibao cha kutundikia makoti. Clifford akaleta sanduku lenye matundu kila upande na njia za ndani zilizopindana.

"Ibbotson, makoti yanatundikwa wapi hapa?"

"Hayatundikwi, bwana. Ni la kuchezea."

"La kuchezea nani?"

Nipper, fereti wake, akatoa kichwa kwenye mkono wa sweta. Clifford alichapwa fimbo kiganjani. Lakini sanduku lile lilikaa ofisini kwa mwalimu mpaka alipostaafu.

Alishuka mgodini akiwa na miaka kumi na mitano, akachimba makaa kwa miaka thelathini. Mwaka 1968 kitoroli kilimbana mkono wa kulia ukutani, akapoteza kidole cha shahada na cha kati. Tangu hapo msumeno aliushika kwa kushoto na nyundo alijifunza upya. Lakini kifungo cha shati hakukiweza tena. Wifi yangu Enid ndiye aliyemfunga vifungo kila asubuhi. Nyote mlimwona kwenye klabu ya wachimbaji akinyanyua glasi kwa mikono miwili. Naomba mkumbuke mkono huo, kwa sababu nitaurudia.

Aligoma na wenzake mwaka mzima wa 1984 hadi 1985, akala supu ya jiko la klabu bila kulalamika. Mwaka 1986 mgodi ukafungwa. Wengine waliingia kwenye pombe, wengine kwenye televisheni. Clifford aliingia bandani. Siku hizo fereti walikuwa wamehamia ndani ya nyumba, wanalala kwenye makochi kama wakwe, na mnyama aliyeumbwa aingie shimoni akifungiwa sebuleni bila kazi huharibika akili. "Kama sisi tu," alikuwa akisema. "Wametufungia shimo, na tazama tulivyo."

Basi akawatengenezea mashimo. Alikata mabomba ya plastiki ya maji ya mvua, akayapiga msasa midomoni hadi ukipitisha soksi haikwami. Alijaza mchele mbichi kwenye beseni ili wachimbue na kuurusha jiko zima. Alifunga gololi ndani ya kopo la biskuti, akatundika bembea za taulo. Juu ya yote aliweka sheria moja: hakuna raba, hakuna sponji, hakuna lastiki. Fereti hupenda kutafuna vitu laini, na akivimeza vinaziba utumbo, anakufa polepole kwa maumivu. Clifford alilisema hilo mara nyingi hata watu wakawa wanammalizia sentensi. Hakuuza kichezeo hata kimoja. Aligawa.

Alifunga ndoa na Enid Lockwood tarehe 6 Juni 1964, katika kanisa hili lililo nyuma yangu. Enid alikuwa mshonaji katika kiwanda cha suruali. Siku ya kwanza Clifford alipokwenda kwao kujitambulisha, fereti alikuwa mfukoni mwake, na hakukaa humo. Suruali ya baba mkwe ilikuwa imetandazwa mbele ya moto ikauke. Fereti akaingia mguu mmoja, akatokea mwingine, akarudi tena, na mama mkwe Gladys akapanda juu ya kiti akipiga mayowe. Enid alicheka mpaka akakalia ndoo ya makaa. Kisha akasema, "Ukiunganisha suruali mbili kiunoni, si atapata njia nne? Niletee kuukuu, nitakushonea." Clifford alituambia kwamba aliamua kuoa kabla hajamaliza chai. Fereti jike aliyefuata alimpa jina la Gladys. Mama mkwe akauliza, "Huyu naye anauma?" Clifford akajibu, "Akiguswa tu, mama."

Mungu aliwajalia binti mmoja, Lorraine, mwaka 1967. Kwa miaka hamsini Clifford aliwaza na Enid akashona. Kiwanda kilipofungwa, kijiji kizima kilipeleka suruali kwenye mlango wake wa nyuma. Hakuna mwanamume aliyesimama hapa ambaye pindo la suruali yake halikupita mikononi mwa wifi yangu. Ila pale klabuni, kwenye ubao wa washindi wa kikombe cha kichezeo bora, palipakwa jina la Clifford Ibbotson peke yake mwaka hadi mwaka, kana kwamba suruali zilijishona.

Hapo ndipo kijitabu kinapoishia. Ukigeuza ukurasa utakuta nyimbo. Msigeuze.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti 2014, Chama cha Wafuga Fereti kilifanya maonyesho yake kwenye uwanja wa klabu, na Clifford aligawa suruali za kuchezea kama kila mwaka. Hazikupita siku nyingi, fereti wakaanza kukataa chakula, kusaga meno na kutapika. Daktari wa wanyama alipowapasua alikuta sponji na lastiki. Walikufa kadhaa. Mmoja alikuwa Snowdrop, jike mweupe wa Trevor Womersley, mwenyekiti wa chama. Mimi mwenyewe nilimlilia Snowdrop. Alikuwa mpole kuliko bwana wake.

Asubuhi habari zilipofika nilikwenda kwa kaka na trei ya mayai. Clifford alikuwa mezani, amegeuza suruali moja ndani nje, anafumua mshono kwa kisu na meno. Meza nzima ilikuwa sponji ya manjano iliyotoka kwenye mto wa kochi lao. Enid alikuwa dirishani anashona nyingine huku anaimba wimbo wa kanisa, anaijaza sponji vizuri ili miguu isimame wazi. Lastiki ya kiunoni ilikuwa pale pale.

"Enid mpenzi," nikasema, "tangu lini tunatia sponji?"

"Tunatia siku zote." Akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mteja. "Na wewe, mama, umeleta suruali ya nani?"

Nilikuwa wifi yake kwa miaka hamsini.

"Funga mlango, Beryl," Clifford akasema.

Tulizungumza uani, karibu na banda.

"Waambie," nikasema. "Mgonjwa hana kosa."

"Wakijua wataacha kumletea suruali."

"Na waache!"

"Wakiacha, ataniuliza kwa nini. Nitamwambia. Kesho atakuwa amesahau, ataniuliza tena, nitamwambia tena kwamba ameua wanyama wa watu. Unataka nimpige kofi hilo kila asubuhi, Beryl wetu?"

"Kwa hiyo utasema nini?"

"Nitasema ni mimi. Mimi wakininunia, nitanuna nao. Apa kwamba hutasema, hata kwa Lorraine."

Nikaapa kwa hasira, trei ya mayai ikiwa bado mkononi.

Siku ya mkutano wa chama klabu ilijaa kuliko fainali ya kombe. Trevor akasimama na suruali yenyewe ameining'iniza kwa vidole viwili.

"Nani alishona hii?"

"Mimi," Clifford akasema. "Macho ya Enid yamechoka. Nilikosea."

"Ulikosea? Wewe uliyetuhubiria tusitie sponji miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Mgema akisifiwa," mtu wa nyuma akasema, na watu wakacheka.

Sasa turudi kwenye ule mkono. Suruali ile ilipita meza kwa meza. Ilikuwa imeshonwa kwa sindano ya mkono, mshono mdogo, sawasawa, kama wa gauni la ubatizo. Na aliyesema ameishona ni mtu asiye na vidole viwili, mtu ambaye nyote mlijua hawezi kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe. Mlishika ule mshono. Mliupapasa. Hakuna aliyeuliza swali. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini ninyi mlitazama mlichotaka kukiona. Ilikuwa raha, sivyo? Mtu mwema amekosea, na kila mmoja wenu akarefuka kidogo.

Najua nikifika hapa kuna mtu atakohoa. Kohoa, mpenzi. Nitakungoja.

Mlimfukuza kwenye chama alichokifagilia sakafu. Mliparua jina lake kwenye ubao, kila mwaka lilipoandikwa, ukabaki ubao wenye mabaka. Mlirudisha vichezeo vyake vyote, mkavitupa rundo mbele ya geti mvua ikinyesha: hata mabomba, hata makopo ya biskuti, vitu ambavyo havikuwahi kumwumiza hata kiroboto. Clifford alivibeba kimoja kimoja kwenye toroli. Mkimwona barabarani mlivuka ng'ambo. Mmoja wenu alimwambia mtoto wake, kwa sauti ya kusikika, "Usimguse mbwa wa yule babu." Na mbwa hakuwa wake.

Lakini suruali zenu hazikuvuka ng'ambo. Suruali zenu ziliendelea kuja mlango wa nyuma. Mlimpita Clifford uani kimya, kama mnapita pipa, kisha mkaingia jikoni mkichekacheka: "Enid mpenzi, nikatie kidogo hapa chini." Naye Enid alifurahi. Alipima, akatia pini, akashona. Alishona miguu miwili ya suruali moja ikawa mguu mmoja. Alishona mifuko ikafunga kabisa. Kila jioni Clifford alizileta kwangu chini ya koti, nami nikafumua, nikashona upya, nikapiga pasi, naye akazirudisha kwenye kiti cha mkewe kabla hamjaja kuzichukua. Miaka mitatu tulifanya hivyo. Pindo la suruali uliyovaa leo, Trevor Womersley, ni langu. Uliinama ukamwambia, "Mkono wa Enid hauzeeki." Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kidole changu kimetobolewa na sindano.

Enid alifariki Novemba 2017, kwenye kiti chake cha dirishani, akijua yeye ni mshonaji wa Skelbrough na kwamba watu wote wanampenda. Hilo Clifford alilinunua kwa jina lake, na alilipata lote. Mlijaa mazishini. Mlimpa Lorraine mkono mmoja baada ya mwingine, mkaruka mkono wa mfiwa uliokuwa umenyooshwa pale pale. Nilihesabu vidole vitatu hewani, havina wa kuvishika.

Usiku huo, nilipokuwa naosha vikombe, nikamwambia, "Sasa sema."

"Aliyekufa hawezi kujitetea," akasema. "Mimi nimeshazoea."

Nilimkasirikia, na leo bado nimemkasirikia. Yuko hapo ndani ya sanduku, na nimemkasirikia. Wema ni wake, kweli, lakini aliutia mfukoni pamoja na ulimi wangu. Niliuuma ulimi huo sokoni, kanisani, saluni, nikisikia mnavyomtaja. Kiapo nimekivunja leo, na hilo tutamalizana mimi na yeye nikimfuata. Lorraine nilimwambia jana. Alilia sana. Kisha akaniambia, "Shangazi, soma yote." Kwa hiyo msimtazame yeye kwa huruma kana kwamba nimemfanyia fedheha. Mama yake hakufanya fedheha yoyote. Aliumwa ugonjwa wa kusahau. Fedheha ni ya wenye kumbukumbu.

Marehemu aliugua mapafu, vumbi la makaa alilolivuta tangu ujanani. Aliuficha ugonjwa huo kama alivyoficha mengine, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kufikia Krismasi ya 2018 hakuweza kupanda ngazi za nyumbani. Nilimtandikia sebuleni, akawa analala na Gladys, wa tano kwa jina hilo, amejikunja shingoni mwake. Nyumba ya mwenyekiti inatazamana na dirisha lile. Hakuna aliyegonga mlango. Wala hakuna aliyeleta supu, katika kijiji ambacho paka akikohoa watu wanaleta supu. Tarehe 3 Februari gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali ya mjini. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 2019, mimi na Lorraine tukiwa kando yake. Mara ya mwisho alipofungua mdomo aliondoa usoni kile kifuniko cha hewa ya oksijeni akasema, "Beryl wetu, lile bomba la kijivu usiwape bado. Mdomo wake sijaupiga msasa." Nikamwambia nimesikia. Akarudisha kifuniko mwenyewe.

Marehemu ameacha binti, Lorraine, mkwe, Graham, mjukuu, Holly, dada, ambaye ni mimi, na fereti wawili, Gladys na Tuppence, ambao sasa wanaishi kwangu na wamekwisha iba kijiko cha mchungaji.

Udongo ukishafunika, tutakwenda klabuni. Hakuna mtu wa Skelbrough aliyewahi kuzikwa bila paja la nguruwe, na kaka yangu hatakuwa wa kwanza. Nimelichemsha mwenyewe, limekatika laini. Kuna mkate, siagi, haradali, na keki mbili. Vyote vimefungiwa kwenye jiko la klabu, na ufunguo uko ndani ya sidiria yangu, mahali ambapo kamati haijawahi kufika. Chini ya ubao wa washindi nimeweka ngazi, brashi na kopo la rangi ya dhahabu. Trevor, wewe una mwandiko mzuri, na wewe ndiye uliyeparua. Utapanda. Utaandika upya kila mwaka ulioufuta, na kila utakapoandika Clifford, kabla yake utaandika Enid. Wengine mtashika ngazi. Hakuna atakayekata kipande cha nyama ile mpaka rangi iwe imekauka, na rangi ya dhahabu, kwa baridi hii, haina haraka.

Clifford Ibbotson apumzike kwa amani. Ninyi bado.